Povu la Jumapili

Mzee Cant alipoingia nyumbani kwa Rannie jioni ile ya Machi, hakukaa. Alikuwa fundi viatu siku sita za wiki na mzee wa kanisa siku zote saba, na hakupenda kukalia kiti cha mtu kabla hajajua kama atamkemea. Alisimama mbele ya moto wa mboji iliyokaushwa, kofia mkononi, akamtazama Fergus Rannie aliyekuwa akinywa supu yake ya kabichi harakaharaka ili arudi kwenye kiwanda chake cha wiski.

"Fergus, nina swali moja tu," alisema. "Yale mapipa yako makubwa ya kuchachushia. Jumapili huwa yanafanya nini?"

"Yafanye nini, Mzee? Yamekaa tu."

"Hayajakaa. Nimepita pale baada ya ibada nikayasikia mpaka nje. Yanatokota."

"Hiyo ni chachu. Hakuna mtu anayegusa kitu. Mlango naufunga Jumamosi usiku, na ufunguo anao mke wangu Elspet."

"Mtu hagusi, sawa. Kazi je, haifanyiki? Umeianzisha Ijumaa kwa mkono wako, ukijua wazi kwamba Jumapili itakuwa bado haijaisha. Ukimfunga punda kwenye kinu Jumamosi, ukamwacha azunguke peke yake mpaka Jumatatu, utaniambia umepumzika?"

Fergus akacheka. Hapo ndipo alipojiharibia, maana Cant alivumilia mambo mengi, na kuchekwa hakukuwamo.

Siku hizo, kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, wazee wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba wakigawa visarafu vya madini ya risasi, vizito na butu, vyenye herufi za usharika. Asiyekuwa nacho haketi mezani. Cant alipopita kwa Rannie alimpa Elspet cha kwake, akaufumba mkono wake mbele ya Fergus. Elspet alikitazama kile kisarafu, kisha akamrudishia.

"Chukua, Mzee. Huyu nalala naye kitanda kimoja, nitakaa naye benchi moja."

"Wewe huna kosa, binti yangu."

"Basi nitakaa bila kosa," Elspet akasema, akarudi kugeuza mikate yake juu ya bamba la chuma.

Fergus huyu hakuwa mtu mkubwa. Baba yake alikeneka wiski, akiipika na kukusanya mvuke wake, mlimani kwa kujificha, kama nusu ya wanaume wa bonde la Spey, na utoto wa Fergus ulikwisha kwa kukimbia wakaguzi wa ushuru akiwa amebeba bomba la shaba begani. Sheria ilipobadilika na leseni ikawa kitu cha kupatikana, aliichukua, kwa sababu moja tu: alichoka kukimbia. Majirani wakamwita msaliti, na mtu asiyejulikana akamchomea shayiri yake yote. Akapanda nyingine. Akajenga kiwanda cha Achnadow kwa mawe ya kijito cha Dow, mke wake akibeba mawe kwa aproni, na miaka ya mwanzo alilala palepale kati ya mapipa, juu ya magunia ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa. Usiku walikoroga kimea, mchana wakakeneka, kisha wakaanza upya. Mwanawe Alick alipoanza kusema, alimwita mama yake "mama", na Fergus alimwita "yule bwana." Watu walicheka sana. Elspet hakucheka, lakini nani alimtazama Elspet siku hiyo?

Jumapili ya Meza ilifika. Ile meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe katikati ya kanisa, watu wakatoa visarafu vyao na kuketi, na akina Rannie wakabaki benchi la nyuma kabisa, pamoja na vijana wasiojua katekisimu na msichana mmoja wa shambani aliyepata mimba bila ndoa. Vichwa viligeuka. Fergus aliweza kuibeba aibu yake, alishazoea kutazamwa vibaya. Ya mkewe hakuiweza. Mkate ulipokuwa ukipitishwa kule mbele, aliiona mikono ya Elspet ikikunja leso na kuikunjua, ikikunja na kuikunjua, na moyo wake ukamuuma kweli.

Njiani kurudi akasema, "Kesho nakwenda kwa Cant kumwomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa kumcheka."

"Usiende. Alichosema kilichekesha," Elspet akasema. "Mimi sina neno, Fergus. Acha mambo hayo, utembee polepole, mtoto amechoka."

Hakumwamini. Mwanamume akishaamua kwamba mkewe anateseka kimyakimya, hata mke akiapa haisaidii. Mwaka uliofuata walikaa nyuma tena, na leso ikakunjwa tena, na Fergus akawa hapati usingizi juu ya magunia yake. Meza ile ikawa ndiyo deni lake. Elspet atarudi mezani, alijiapia, hata kiwanda kikifa.

Asubuhi moja ya Jumatatu akawakusanya wafanyakazi wake uani.

"Kuanzia wiki hii hatukorogi kimea baada ya Jumatano," akasema. "Nataka kila pipa liwe limenyamaza kabla ya Jumapili."

Wakatazamana. Dod Gow, mtunza moto wa mitungi ya shaba ya kukenekea, ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Na Alhamisi na Ijumaa tufanye nini, tuimbe?"

"Mtakeneka kilicho tayari. Usiku kila mtu analala kwake. Jumamosi mchana moto unazimwa."

"Na mshahara?"

"Uleule."

"Basi huyo Mzee Cant," Dod akasema, "mimi nitamnunulia kofia."

Bonde zima lilipata la kusema. Kule Achnadow hata chachu imeokoka, walisema. Wenye viwanda vya jirani walipiga hesabu wakaona Rannie amekata uzalishaji wake nusu kwa mkono wake mwenyewe, wakamtumia salamu za pole kama mtu aliyefiwa.

Cant hakukubali kwa maneno. Jumamosi ya kwanza alifika mwenyewe jioni, akavua kofia, akaanza kulitega sikio kwenye kila pipa, moja baada ya jingine, macho ameyafumba kama daktari anayesikiliza kifua. La kwanza kimya. La pili kimya. Kwenye la mwisho akasimama.

"Hili bado linasema."

"Linamalizia, Mzee. Subiri kidogo."

Wakasubiri. Wanaume wazima wanne walisimama pale wakitazama kiputo kimoja kikipanda, kikapasuka, kisha kingine kidogo zaidi, kisha kimya. Dod alikuwa ameuma shavu lake kwa ndani asije akatoa sauti. Cant akaweka sikio tena, akakaa nalo muda, akatikisa kichwa kukubali.

"Limelala," akasema, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipovuka daraja.

Mwaka ule visarafu vilitolewa viwili. Elspet alikaa mezani ubavuni mwa mumewe, na Fergus alipopokea mkate alimtazama kwanza yeye, ndipo akaula. Alijiona amelipa. Kwa muda uliobaki wa maisha yake hakuna alichokifanya kilichompa fahari kama kile.

Sasa, kuhusu wiski yenyewe. Kwa kuwa mapipa hayakukimbizwa tena, kilichomo kilikaa muda mrefu zaidi kabla ya kukenekwa, na kikatoa harufu fulani ya matunda yaliyoiva, kama peasi zilizosahauliwa kabatini. Wako watu bondeni hata leo watakaokuambia hiyo ilikuwa baraka ya kushika Sabato. Mimi siingii huko. Kinywaji kikiachwa kikatulia kitanukia hivyo, awepo Cant au asiwepo. Ila ni kweli kwamba mfanyabiashara mmoja wa Leith, Bwana Pirie, aliyekuwa akichanganya wiski za kila mahali, aliinusa ile ya Achnadow akaomba yote waliyonayo, na kila mwaka akaomba zaidi ya waliyokuwa nayo. Majirani walijenga majumba yenye minara. Rannie alibadilisha paa la nyasi akaweka la mawe bapa, basi.

Kingine kilichobadilika hakikuandikwa na mtu. Fergus alianza kula chakula cha jioni mezani kwake, akiwa amekaa. Mwanzoni hakujua aiweke wapi mikono yake. Akamfundisha Alick kuvua samaki kwenye Dow, kwa kweli walifundishana, maana wote wawili hawakujua. Akanunua fidla kuukuu, akaipiga vibaya kila Jumamosi alasiri, na Elspet alifuma soksi huku akimwambia waziwazi kwamba paka wamehama. Walizeeka hivyo.

Cant aliishi mpaka watu wakaanza kumshangaa. Alipokufa hatimaye, Elspet alimfuata majira ya baridi yaleyale, kwa kifua. Kanisani akaja mchungaji kijana, Tulloch, aliyevitia visarafu vyote sandukuni na kugawa kadi za karatasi. Alimtembelea Fergus, akanywa chai, akamwambia kwa upole kwamba chachu si mtumishi wala mnyama, haina Sabato ya kushika, na kwamba kwa maoni yake hakuna aliyekuwa na haki ya kumnyima meza. Alidhani anamtua mzigo. Fergus alimshukuru, akamsindikiza hadi langoni, na Jumamosi ile hakuigusa fidla.

Alick ndiye aliyeyadaka maneno yale. Alikuwa mtu mzima sasa, ana mke aitwaye Jean na watoto wadogo, na jina lake lilikuwa ubaoni: Rannie na Mwana. Reli ilikuwa imefika. Mtoto wa Pirie alikuwa ametoka Leith akitaka maradufu, la sivyo atatafuta kwingine.

"Baba, mchungaji mwenyewe amesema," alianza, wakiwa katika kijiofisi chao. "Tukoroge mpaka Ijumaa. Tuongeze mapipa, tuwe na zamu ya usiku. Hatuibi, hatuui."

"Hapana."

"Kwa sababu gani sasa? Cant yuko kaburini."

"Mama yako naye yuko kaburini. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi lini? Alikuomba?"

"Mambo mengine hayaombwi. Hukuona wewe, ulikuwa mdogo. Alikaa benchi la nyuma kwa ajili yangu, anakunja leso kama mtu aliyefiwa. Nilifanya kwa ajili yake."

Alick alikuwa mtoto mwema, lakini alikuwa amechoka, na mtu akichoka husema yale aliyoombwa asiyaseme.

"Baba, mama hakujali benchi la nyuma. Aliniambia mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Alisema ndiyo nafasi nzuri kuliko zote kanisani, unamwona kila mtu na hakuna anayekuona ukisinzia. Ile leso alikuwa anaikunja asicheke. Dod Gow alikuwa anamkonyeza kutoka mezani."

Fergus alikaa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Baba yako ameacha kulala kwenye mapipa. Ungekuwa wewe, ungemwambia?'"

Fergus alichukua fimbo yake akatoka. Alikuwa na hasira, tusifiche. Hasira ya mtu aliyejivunia sadaka miaka yote halafu akaambiwa hakuna aliyeihitaji. Alipanda njia ya juu mpaka kwa Bella Gow, mjane wa Dod, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya viazi. Bella alikuwa rafiki wa Elspet tangu usichana wao.

"Bella, ulijua?"

"Najua mengi. Lipi?"

"Kuhusu Elspet. Kwamba lile benchi halikumuumiza."

Bella aliweka kisu chini. "Ah. Alick amesema."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tulijua sote, Fergus. Wake wote wa Achnadow. Tulikuwa tukifua pale kijitoni tukicheka mpaka nguo zinachukuliwa na maji. Kabla ya hapo mimi nilikuwa na mume kwa jina tu. Anaingia na harufu ya moshi, anakula, anaondoka. Halafu siku moja Dod anaingia jioni, anavua viatu, ananiuliza leo umeshindaje. Nilidhani ana homa."

"Mngesema."

"Tuseme ili iweje, uirudishe zamu ya usiku? Sisi tulikuwa tukimwombea Cant. Usinitazame hivyo, ni kweli. Akikohoa tu, mmoja wetu anampelekea mchuzi wa kuku. Hakuna mzee wa kanisa katika nchi hii aliyeombewa maisha marefu kama yule mzee, na yeye akadhani tunampenda."

Fergus hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka tu, kifua kikatikisika, mwisho ikabidi ashike mwimo wa mlango, machozi yanamtiririka, na katikati ya kicheko kile machozi yakageuka yakawa ya kweli. Bella akamsogezea kiti, akaendelea kumenya.

"Angeniambia mwenyewe tu kwamba ananitaka nyumbani," alisema baadaye.

"Alikuambia. Mara nyingi. Ulikuwa unamjibu kwamba kazi ni nyingi."

Fergus alikumbuka jibu hilo, alikumbuka hata alivyokuwa akilitoa huku amesimama, mkono mmoja tayari uko kwenye komeo. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia pale kanisani.

Kesho yake alimwita Alick.

"Nikiwa hai, hakuna kukoroga baada ya Jumatano," akasema. "Nikifa, kiwanda ni chako, fanya utakavyo, sitaacha agizo lolote. Ila usiseme ni Mungu aliyekutuma, na usiseme ni mtoto wa Pirie. Mimi nimemsingizia Mungu miaka mingi kwa jambo ambalo ningeweza kulifanya bure, kwa kumpenda mke wangu tu. Wewe ukiamua, sema ni wewe umeamua."

"Sawa, Baba."

"Jana usiku umerudi kwako saa ngapi?"

Alick alitazama dirisha. "Kulikuwa na kazi nyingi," akasema.

Fergus aliishi mpaka majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, akafa alasiri, fidla ikiwa juu ya kiti. Wakati huo mbao za mapipa mapya zilikuwa zimeshashushwa stesheni na kukokotwa mpaka uani, na Alick alikuwa amewaambia wafanyakazi kwamba kimea cha kwanza cha Ijumaa kitakorogwa baada ya mazishi, wiki ileile. Alisema ni yeye ameamua. Alikuwa mkweli kwa hilo.

Kwa desturi ya pale, wanawake hawaendi makaburini. Wanaume hunywa glasi moja mlangoni, huinua jeneza, hubadilishana mabega njia nzima, na wanawake hubaki ndani na mapazia yamefungwa, wakikata jibini na mikate kwa watakaorudi. Haikuandikwa popote wala haikuwahi kuvunjwa. Alick alishika kamba ya jeneza ya upande wa kichwa, nafasi ya mtoto mkubwa, na msafara ukashuka kuelekea darajani chini ya manyunyu.

Walipofika kwenye kona ya kanisa akasikia nyayo nyingi nyuma, zisizo za buti za wanaume. Akageuka. Bella Gow alikuwa mbele, na shali nyeusi kichwani, mkongojo mkononi, na nyuma yake wake wa Achnadow, wazee kwa vijana, wa watunza moto, wa mafundi mapipa, wa wakoroga kimea. Hawakulia wala hawakuimba. Walitembea tu, viatu vyao vimelowa. Mchungaji Tulloch aliwashikia lango. Waliingia makaburini, wakasimama upande mmoja wa ukuta mpaka udongo wa mwisho uliporudishwa.

Jean alikuwa miongoni mwao, mtoto wao mdogo mgongoni. Wakati wa kurudi Alick alimngoja langoni, akatembea naye.

"Nani aliwaita?" akauliza.

"Hatukuitwa."

"Mmekuja kumzika baba?"

"Yeye tulimuaga nyumbani," Jean akasema. "Huku tumekuja ili utuone kabla ya Ijumaa."

Alick alimtwaa mtoto kutoka mgongoni mwa Jean, wakashuka wote pamoja, na Ijumaa ile hakuna kimea kilichokorogwa Achnadow.